Mbwa akigoma njiani: kutafuta chanzo wakati wa joto la kaskazi

Mwezi wa pili, saa kumi jioni, Mikocheni. Kijana ameshika kamba, mbwa amelala katikati ya barabara, tumbo chini, ulimi umetoka wote kama kipande cha maini. Kijana anavuta. "Inuka bwana, acha uvivu!" Vijana wa bodaboda wanacheka kijiweni. Mbwa anainuka, anapiga hatua nne, analala tena. Safari hii amelala kwenye kivuli cha nguzo ya umeme. Kivuli chenyewe chembamba kama ufito, na yeye amejipanga humo kwa urefu wake wote.

Natembeza mbwa wa watu hapa Dar es Salaam, mwaka wa sita sasa, na nikiona mbwa amejinyoosha kwenye kivuli cha nguzo sihitaji maelezo mengine. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukiona dalili za joto tunazipa majina ya tabia: mvivu, mkaidi, anadeka, hataki mazoezi. Tukishaziita hivyo, dawa inakuwa kuvuta kamba. Humu chini nimepanga dalili kama ninavyokutana nazo, na chini ya kila moja vyanzo vyake, kuanzia kile ninachokiangalia kwanza.

Kabla ya yote, elewa mtambo wenyewe. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana vitezi vichache vya jasho kwenye nyayo, basi. Anachotegemea ni kutweta. Hewa inapita haraka juu ya ulimi na ndani ya pua, unyevu unakauka, damu inayopita hapo inapoa. Sasa fikiria nguo uliyoanika Dar mwezi wa pili, siku isiyo na upepo. Inashinda kwenye kamba na jioni bado ina ubichi. Ulimi wa mbwa nao ni nguo hiyo hiyo. Hewa ya Pwani imeshiba maji, haina nafasi ya kupokea mengine, kwa hiyo mbwa anatweta na hapoi. Ndiyo maana mtu aliyehamia kutoka Dodoma ananiambia, "Kule jua lilikuwa kali zaidi na mbwa hakuwa hivi." Ni kweli, na si kwamba mbwa amebadilika.

Je, ni dharura?

Ukiona mojawapo ya haya, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho, mengine utasoma baadaye: anayumba kama mlevi, ameanguka na hainuki, anatapika au anaharisha damu, fizi zimekuwa nyekundu kama nyanya au zimepauka kama karatasi, macho yanatazama bila kukuona, anatetemeka au amepata degedege. Na hili watu wengi hawalijui: alikuwa anatweta kwa nguvu, ghafla ameacha kutweta ingawa bado ana moto. Huyo hajapoa. Huyo amechoka kupigania.

Analala njiani, hataki kuendelea

Anza na ardhi. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami, uhesabu taratibu hadi saba. Ukishindwa kufika, umepata jibu. Hewa ikiwa nyuzi 30 na jua likiwa limewaka tangu asubuhi, lami inaweza kupita nyuzi 50. Pevingi za uani haziko mbali na hapo, na mchanga mkavu wa ufukweni unaunguza vilevile; wewe huusikii kwa sababu umevaa ndala. Mbwa anayeunguzwa nyayo ana mwendo wake: anainua mguu mmoja mmoja kama kuku kwenye tope, anavutia pembeni kwenye majani, na akifika kwenye majani anatembea vizuri. Hiyo ndiyo tofauti. Anayegoma kwenye lami na kutembea kwenye nyasi tatizo lake ni nyayo. Anayegoma popote, tatizo liko ndani.

Usidanganywe na saa. Jua kuzama hakupozi lami. Saa kumi na mbili na nusu jioni barabara bado inatoa moto uliohifadhiwa mchana kutwa, na mbwa, ambaye tumbo lake liko karibu nayo, anaupata kuliko wewe. Kwa mbwa wafupi kama Dachshund ni kama kutembea juu ya jiko.

Ikiwa ardhi imepoa na bado anagoma, mtazame ulimi. Mbwa aliyechangamka anatweta ulimi ukiwa umelala vizuri ndani ya mstari wa meno. Joto likimzidi, ulimi unarefuka, ncha inapanuka kama mwiko, pembe za mdomo zinavutwa nyuma hadi unaona magego. Hapo simama. Usimalizie "mzunguko uliobaki". Mpeleke kivulini, mpe maji, mmwagie kifuani na tumboni, msubiri. Kama ndani ya dakika kumi hivi ulimi haujarudi kwenye ukubwa wake, rudini nyumbani kwa bajaji. Najua, dereva atalalamika. Mwongezee elfu mbili.

Halafu uliza maswali haya.

Amekula saa ngapi? Mbwa aliyejazwa ugali wa dona na dagaa kisha akatolewa mbio ana mzigo mara mbili. Kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama German Shepherd, kuna hatari nyingine kubwa: tumbo kujaa gesi na kujipinda. Ukiona tumbo limevimba na kuwa gumu kama mpira, mbwa anajaribu kutapika na hakitoki kitu isipokuwa mate, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Mkimbize. Mimi sitoi mbwa matembezi mpaka saa mbili zipite tangu ale.

Ametoka wapi? Mbwa aliyeletwa kutoka Arusha au Lushoto wiki iliyopita mwili wake bado uko kule. Anahitaji wiki kadhaa kuzoea, na wakati huo umtembeze robo ya safari ya kawaida.

Ana uso gani? Boxer, Pug, Bulldog na wote wenye pua iliyobonyea wana njia nyembamba za hewa. Wanatweta kupitia mrija uliobanwa. Miaka ya nyuma niliwahi kumtoa Boxer wa mteja saa kumi na moja jioni, mwezi wa tatu, kwa sababu tu ratiba yangu ilikuwa imejaa asubuhi. Tulikwenda dakika kumi na tano. Alianza kukoroma akiwa macho, sauti kama ya mtu anayevuta soda ya mwisho kwa mrija. Nilimbeba kilo ishirini na saba mgongoni hadi kwenye bomba la jirani. Alipona, lakini tangu siku hiyo mbwa wa pua fupi hawatoki kwangu baada ya saa moja asubuhi, mwenye mbwa apende asipende.

Amefungwa nini mdomoni? Vile vifunga mdomo vya kitambaa vinavyobana taya zisifunguke vinamnyima mbwa njia yake kuu ya kujipoza. Kama lazima afungwe, tumia cha waya kilicho kama kikapu, ambacho ndani yake anaweza kufungua mdomo, kutweta na hata kunywa.

Mbwa mzee anayekoroma kwa kila pumzi na sauti yake ya kubweka imekuwa nzito au imekauka, hasa Labrador, aonwe na daktari wa mifugo kabla ya kaskazi kuanza. Koo likishindwa kufunguka vizuri, joto dogo tu linamwangusha. Na mnene apunguzwe unene. Hapo sina la kuongeza.

Tumesharudi nyumbani, kutweta hakukomi

Kaa naye, tazama saa. Mbwa mzima akipumzika mahali penye ubaridi anahitaji nusu saa hivi kutulia. Akiwa amelala usingizi, pumzi zake kwa dakika huwa 30 au chini ya hapo. Ikipita nusu saa na bado anatweta kama ametoka mbioni sasa hivi, mpime joto.

Kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa kinafaa, lakini kiandike kwa kalamu ya wino usiofutika: MBWA. Pakaa mafuta ya mgando kwenye ncha, mtu mmoja amshike kichwa akimsemesha, wewe inua mkia na uingize sentimita mbili tatu taratibu njia ya haja kubwa, ukiegemeza ncha upande mmoja. Subiri kilie. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na pointi chache, kwa hiyo usishtuke kuona 38.7, hana homa. Ikizidi 39.5 na anapumzika, endelea kumpoza na umwangalie. Ikifika 40, mpigie daktari huku ukimpoza. Ikifika 41, uko kwenye dharura.

Kuhusu pua: wazee wetu wanasema pua kavu ni ugonjwa, pua mbichi ni uzima. Nimeona mbwa mwenye nyuzi 40 na pua inang'aa kwa unyevu. Iache pua.

Angalia fizi. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, achia. Rangi irudi kabla hujamaliza kusema "moja, mbili". Ikichelewa, au ufizi unanata kidoleni badala ya kuteleza, amekauka maji.

Kama joto ni la kawaida na fizi ni nzuri, anayetweta usiku kucha pengine anapata joto pale anapolala. Hapo twende bandani.

Anatweta mchana kutwa na hajatoka popote

Hii ndiyo dalili ninayoikuta zaidi kuliko zote, na ndiyo isiyolalamikiwa, kwa sababu mwenye mbwa yuko kazini. Mbwa wa ulinzi anafungiwa bandani alfajiri, anafunguliwa usiku. Maana yake saa kumi na mbili zote za jua anazimalizia kwenye sanduku la tofali lenye paa la bati, mita moja na nusu juu ya kichwa chake, mlango wa nondo unatazama magharibi. Ingia mwenyewe saa nane mchana, uchuchumae, ukae dakika tano. Fanya kweli, nasema. Bosi mmoja wa Mbezi nilimwomba afanye hivyo. Alitoka na shati limeganda mgongoni, na kesho yake fundi alikuwa juu ya banda.

Alichofanya fundi si kikubwa. Aliweka makuti juu ya bati, yakiwa yameinuliwa kidogo kwa mirunda ili hewa ipite katikati. Alitoboa ukuta wa nyuma, karibu na sakafu, akaweka tofali za matundu, ili upepo uingie chini na kutokea mbele. Upande wa magharibi akatundika turubai la kivuli. Sakafu ya sementi iliachwa kama ilivyo, kwa sababu sementi iliyo kivulini ndiyo kitanda kizuri kuliko vyote. Godoro ulilomwekea kwa huruma analikimbia. Kama huna fedha ya fundi, mfungue mbwa ashinde chini ya mwembe kwa kamba ndefu, mradi kivuli kikihama na yeye aweze kuhama nacho. Mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi kwenye kivuli cha asubuhi yuko juani ifikapo saa saba.

Gari ni banda baya kupita yote. Nje kukiwa na nyuzi 30, ndani ya gari lililofungwa joto linafika kama 40 kwa dakika kumi. Kuacha kioo wazi kwa vidole viwili hakusaidii kitu cha maana. "Naingia dukani mara moja" ni dakika ishirini, tunafahamiana. Lakini usiishie kulaumu magari. Watafiti wa Uingereza waliopitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya laki tisa walichapisha mwaka 2020 kwamba, pale ambapo chanzo kilijulikana, karibu robo tatu ya madhara ya joto yalitokana na mazoezi na matembezi, na gari lilikuwa kama 5 kati ya 100. Huko ni Uingereza, kwenye baridi yao.

Anachechemea au analamba nyayo usiku

Mlaze ubavu, washa tochi ya simu, tazama wayo mmoja mmoja. Wayo ulioungua unakuwa mwekundu au umebabuka, ngozi nyeusi inachubuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, wakati mwingine kuna lengelenge. Osha kwa maji ya kawaida, kausha, mfungie asilambe, na usimtoe barabarani mpaka ngozi mpya ikaze. Usipake dawa ya meno wala mafuta ya taa, na hii naisema kwa sababu nimeviona vyote viwili. Ukiona nyama, nenda kwa daktari.

Kama wayo ni mzima, fungua vidole. Mbigili hukaa hapo katikati. Ukiona kidoa cheupe chenye nukta nyeusi, huyo ni funza. Atolewe kwa sindano safi kama unavyomtoa mtu, na sakafu ya banda isafishwe, maana mmoja hayuko peke yake. Vilevile kupe wadogo hupenda kujificha humo humo.

Viatu vya mbwa vya mtandaoni nimewajaribishia watatu. Wawili walivila.

Hanywi maji, au anakunywa bila kikomo

Mbwa wa kilo 30 anahitaji kama lita moja na nusu hadi mbili kwa siku ya kawaida, na kaskazi anaweza kufika mara mbili ya hapo. Kasufuria kamoja kalikowekwa asubuhi hakatoshi.

Asiyekunywa, onja maji yake. Nasema onja. Chombo cha bati kilichokaa juani kinatoa maji ya kuogea mtoto, na maji ya kisima sehemu nyingi za Dar yana chumvi. Weka vyombo viwili, kimoja kizito cha udongo au sementi asichoweza kukipindua, vyote kivulini, na ubadilishe mchana. Mtungi wa kienyeji unapoza maji vizuri kuliko chombo chochote cha dukani, na vipande vichache vya barafu ndani havina madhara. Kama maji ni mazuri na bado anakataa maji na chakula, mpime joto.

Anayekunywa kupita kiasi baada ya matembezi, mgawie kidogo kidogo. Akimeza lita nzima kwa pupa atairudisha yote sakafuni. Lakini anayekunywa na kukojoa sana siku zote, hata siku za mvua, huyo si wa joto: sukari, figo, au kizazi chenye usaha kwa jike asiyehasiwa. Kwa daktari.

Anatapika au anaharisha baada ya kwenda ufukweni

Alikunywa maji ya bahari. Coco Beach jioni utawaona: mbwa anakimbilia mpira mawimbini, kila akiudaka anameza kidogo. Chumvi inavuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza tumboni, ndiyo hayo yanayotoka. Mpe maji baridi kidogo kidogo na apumzike. Akianza kuyumba, kutetemeka au kupata degedege, chumvi imeingia kwenye damu, haitatoka kwa maji ya nyumbani.

Zuia kwa kwenda na chupa ya lita moja na nusu na kumnywesha kabla hajaona bahari. Mkirudi, msuuze chumvi na umkaushe masikio na makunjo. Manyoya mabichi kwenye unyevu wetu yanazaa vidonda vya majimaji kwa usiku mmoja: leo anajikuna shavuni, kesho kuna bakuli la nyama nyekundu.

Mlegevu hata alfajiri

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Joto la hewa linapungua usiku, hata kama kwetu ni hadi nyuzi 25 tu. Mbwa anayesumbuliwa na joto peke yake huamka na nafuu: saa kumi na moja alfajiri anatingisha mkia, anadai kutoka. Ambaye saa hiyo nayo amelala pembeni, hataki chakula, mwili una moto, usimlaumu jua. Mtafute kupe: ndani ya masikio, chini ya ukanda wa shingo, kwapani, katikati ya vidole.

Kupe wa kahawia anaeneza magonjwa ya damu ambayo kwetu yapo mwaka mzima. Homa inapanda na kushuka, fizi zinapauka, mara nyingine puani kunatoka damu, au mkojo unakuwa rangi ya kahawa. Daktari atachukua damu na kuna dawa, zikianza mapema. Nimewaona mbwa wawili ambao wenyewe waliwamwagia maji wiki nzima wakidhani ni kaskazi, na ilikuwa homa ya kupe. Dawa ya kupe ya duka la mifugo isomwe vipimo kabla ya kuogesha. Dawa ya ng'ombe iliyokorogwa kwa kukisia imeua mbwa.

Na tafadhali, panado, diklofenaki, aspirini na jamii yake zikae kabatini. Haziteremshi joto la jua, na kwa mbwa zinaweza kuharibu ini, tumbo na figo.

Udenda unatiririka, anayumba

Hapa kuna watatu wanaofanana, nao hutibiwa tofauti.

Joto: alikuwa juani, bandani au mbioni, mwili unaunguza, anatweta.

Sumu: hakuwa juani, mara nyingi ni asubuhi, udenda mwingi wa povu, misuli inarukaruka chini ya ngozi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mtu amerusha nyama yenye dawa ya wadudu ukutani. Usipoteze muda kutafuta maziwa, mkimbize, na ukiweza chukua mabaki.

Kichaa cha mbwa: huyu ndiye wa kukuogopesha. Taya limelegea, sauti imebadilika, anauma vitu ovyo au amejificha gizani, na hujui kama amechanjwa. Usitie mkono mdomoni mwake hata kama unadhani amekwamwa na mfupa. Mfungie, mwite afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo.

Ameanguka: poza kwanza, safari baadaye

Kosa la kwanza ni kumtupia garini na kukimbia naye akiwa na moto wake wote. Foleni ya Mwenge haina huruma. Dakika za mwanzo za kumpoza pale pale ndizo zinazookoa ubongo na figo, halafu ndipo muondoke.

Mtoe juani. Fungua ukanda na kila kilicho shingoni. Mwagia maji mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani, ukipekecha manyoya kwa vidole maji yafike kwenye ngozi. Kichwa kiwe juu, maji yasiingie puani. Lakini kabla hujaelekeza mpira wa maji kwa mbwa, uelekeze chini uhesabu mpaka yatoke ya baridi: mpira ulioshinda juani na simtenki nyeusi juu ya mnara vinatoa maji ya kuivia yai. Kama ya bomba ni ya moto kabisa, chukua ya ndoo iliyokuwa ndani, ya friji, yoyote yaliyo na ubaridi kuliko yeye. Kijana mwenye afya aliyeanguka mbioni anaweza hata kuzamishwa mwili kwenye beseni kubwa la maji baridi, kichwa kikishikwa juu. Kwa mzee au mgonjwa, mwagia na umpepee. Ule woga wa kwamba maji baridi yatamuua ghafla umechelewesha wengi.

Pepea. Feni, kanga, kipande cha boksi, chochote. Maji bila upepo ni nusu ya kazi. Na taulo bichi usimfunike ukaliacha; dakika chache limekuwa blanketi la moto. Mlaze juu yake.

Maji ya kunywa yawe mbele yake akiyataka. Asiyejitambua usimmiminie, yataingia mapafuni.

Mpime kila dakika chache. Ikishuka hadi 39.5 hivi, acha kumwagia, mkaushe kidogo, maana joto litaendelea kushuka lenyewe. Sasa twendeni: vioo wazi au kiyoyozi juu, mtu mmoja nyuma akimpepea. Bajaji ni nzuri kwa hili kuliko gari la mizigo lililofunikwa. Piga simu njiani ili dripu iandaliwe.

Akiinuka na kutingisha mkia kabla hamjafika, msigeuze. Madhara ya joto kwenye figo, ini na kuganda kwa damu hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu. Vidoa vyekundu tumboni, kinyesi cheusi au chenye damu, mkojo mweusi: vyote huja wakati watu wameshasherehekea.

Ratiba yangu ya Disemba hadi Machi

Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, narudi kabla ya saa moja na nusu. Usiku baada ya saa tatu, lami ikiruhusu kiganja. Mchana hakuna anayetoka. Anayetaka kazi nampa mfupa uliogandishwa au namfichia chakula uani akinuse. Kwa alfajiri kuna jambo la kujua: ni saa ya watu kuelekea msikitini. Fupisha kamba, vuka upande wa pili, wapite. Mtu aliyetawadha hataki mate ya mbwa kwenye kanzu yake, na ukimheshimu mara mbili tatu, ya nne atakusalimia yeye.

Usimnyoe mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili, kama German Shepherd au Husky, hadi kwenye ngozi. Mchane yale ya ndani yaliyokufa yatoke. Manyoya ya juu ndiyo mwavuli wake. Mbwa mweupe mwenye pua ya waridi na tumbo tupu huungua na jua, na baada ya miaka huweza kupata saratani ya ngozi hapo hapo.

Yule mbwa wa Mikocheni anaitwa Popi. Nilimwomba kijana kamba, tukamwagia Popi chupa mbili za maji ya dukani, tukangoja dakika ishirini nyuma ya kibanda cha chipsi, kwenye upepo wa feni ya muuzaji. Siku hizi wanapita kwangu saa kumi na mbili kasoro alfajiri, na Popi ndiye anayevuta kamba.